Mwanzilishi Halipwi

Kathy Flores alifariki Oktoba 2021 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 66. Tanzia zake, na nimezisoma nyingi, zilimwita mwanzilishi. Mwanzilishi wa raga ya wanawake Marekani, kwanza kama mchezaji, kisha kama kocha. Ni kweli, na sijaona wa kubisha. Lakini nataka kulishika neno hilo na kulihoji kidogo, kwa sababu na mimi nimewahi kupewa, na nikagundua halinunui hata pakiti ya unga.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili hapa Nairobi. Tasnifu yangu inahusu wanawake waliocheza raga kisha wakageukia ukocha. Msimamizi wangu huniambia niandike bila hasira. Kwenye tasnifu nitajitahidi. Hapa sitajitahidi.

Ninachosema ni hiki: tunapomwita mwanamke mwanzilishi, mara nyingi tunamlipa kwa sifa deni la ajira. Neno hilo halimfikii siku anapoomba kazi. Siku hiyo anaambiwa bado hana uzoefu wa kutosha. Neno humfikia akishaondoka kwenye kiti, na kiti kikiwa tayari kimekaliwa na mwingine.

Nianze na maisha yake, maana wengi wetu huku hatujawahi kulisikia jina lake.

Flores alianza kucheza raga akiwa Chuo Kikuu cha Florida State, mwishoni mwa miaka ya 1970. Raga ya wanawake Marekani wakati huo ilikuwa ya vilabu ambavyo wanawake wenyewe walivianzisha na kuviendesha. Aliyetaka kucheza alitafuta uwanja, alichangia jezi na mafuta ya gari, kisha akacheza. Yeye alicheza namba nane. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: wachezaji wanane wa mbele wanapoinama na kusukumana na wanane wa upande wa pili, yule anayefunga nyuma kabisa ndiye namba nane. Mpira ukishapita katikati ya miguu ya wenzake, unamfikia yeye. Anaushikilia kwa nyayo huku akiendelea kusukuma, na ndiye anayeamua kama atauokota akimbie nao au atamwachia mwenzake aliye nyuma. Ni kazi ya nguvu na ya akili kwa pamoja, na sehemu kubwa yake huifanya kichwa kikiwa chini, mahali ambapo kamera haifiki.

Mwaka 1987 timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, dhidi ya Kanada. Flores alikuwemo. Miaka minne baadaye, Aprili 1991, lilifanyika Kombe la kwanza la Dunia la raga ya wanawake, huko Wales. Usifikiri kwamba shirikisho la dunia ndilo lililoandaa. Wanawake wanne wa klabu ya Richmond ya Uingereza, Deborah Griffin, Sue Dorrington, Alice Cooper na Mary Forsyth, ndio waliokaa mezani wakaandika barua, wakatafuta viwanja na malazi, wakaalika nchi. Zilikuja timu 12. Bodi ya kimataifa ya raga ya wakati huo haikuyapa mashindano hayo baraka zake. Timu ya Muungano wa Kisovieti ilifika bila fedha za kigeni, ikabidi wachezaji wauze vodka waliyokuja nayo ili wapate pesa za matumizi. Wachezaji wa Marekani walijigharamia safari.

Fainali ilichezwa Cardiff tarehe 14 Aprili. Marekani 19, Uingereza 6. Namba nane wa mabingwa hao wa kwanza wa dunia alikuwa Kathy Flores, mwanamke wa miaka 36. Ilichukua miaka mingi kabla ya wakubwa wa raga kukubali kuliandika kombe hilo katika orodha yao rasmi. Kwa hiyo kwa muda wote huo wanawake hawa walikuwa mabingwa wa dunia wa mashindano ambayo, kwa mujibu wa vitabu vya ofisi, hayakuwepo.

Flores hakukaa kusubiri vitabu virekebishwe. Aligeukia ukocha. Aliinoa Berkeley All Blues ya California, klabu iliyotwaa mataji mengi ya taifa. Kisha akapewa timu ya taifa. Marekani ilikuwa imemaliza ya saba katika Kombe la Dunia la 2002, baada ya kuanza historia yake kwa ubingwa na kufika fainali mbili zilizofuata. Flores aliipeleka nafasi ya tano mwaka 2006 nchini Kanada, na nafasi ya tano tena mwaka 2010 nchini Uingereza. Baadaye, katika miaka ya 2010, Chuo Kikuu cha Brown kilipoipandisha raga ya wanawake kutoka klabu ya wanafunzi hadi timu kamili ya chuo, yeye ndiye aliyekuwa kocha wa timu hiyo. Alifundisha vijana karibu hadi mwisho wa maisha yake.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo mimi naanzia. Tusiishie kwenye alichofanya Flores. Tutazame kiti alichokiacha.

Baada ya 2010, timu ya wanawake ya Marekani ya wachezaji 15 ilimpata Pete Steinberg. Kisha Rob Cain. Miaka ya karibuni wakaja wengine, hadi Sione Fukofuka aliyeiongoza kwenye Kombe la Dunia la 2025. Wote hao ni wanaume. Nchi iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia, nchi yenye mamia ya wanawake waliocheza raga chuoni na wakafundisha raga chuoni, imepita makombe manne ya dunia tangu Flores bila kumkabidhi mwanamke mwingine usukani huo. Nataka tuelewane kuhusu matokeo pia. Mwaka 2014 walimaliza wa sita, nyuma ya nafasi ya Flores. Mwaka 2017 wakafika wa nne, mbele yake. Mwaka 2025 walitolewa katika hatua ya makundi. Siwalaumu makocha hao, kwa sababu raga ni ngumu na bajeti ni ndogo. Ninachouliza ni kwa nini nafasi ya sita au kutolewa mapema hakujawahi kumfanya mtu aseme, "Tumewajaribu wanaume, tumeona, sasa basi." Mwanaume akishindwa, ameshindwa yeye peke yake. Mwanamke akishindwa, wamejaribiwa wanawake wote.

Wala si Marekani peke yake. Kombe la Dunia lililochezwa New Zealand mwaka 2022 lilikuwa na timu 12. Kati ya makocha wakuu 12, mwanamke alikuwa mmoja: Lesley McKenzie wa Japani. Shirikisho la dunia likaweka lengo kwamba kufikia kombe la 2025, asilimia 40 ya makocha wawe wanawake. Lilikuwa lengo zuri. Likaja kombe la 2025 Uingereza, timu zikaongezwa hadi 16. Wanawake wenye cheo cha kocha mkuu walikuwa watatu: McKenzie, Jo Yapp wa Australia, na Gaëlle Mignot wa Ufaransa, ambaye cheo chake alikigawana na mwanaume. Fainali ilichezwa Twickenham mbele ya watu 81,885. Wanawake walijaza uwanja mkubwa kabisa wa raga nchini Uingereza, na siku hiyo kila upande, Uingereza na Kanada, ulikuwa na kocha mkuu mwanaume.

Zitazame siku hizo mbili kwa pamoja. Cardiff 1991, hakuna pesa, wanawake wanaandaa kila kitu wenyewe. Twickenham 2025, pesa ipo, matangazo yapo, na wanawake wanakimbia uwanjani wakitekeleza mipango ya wanaume. Watu hupenda kuita safari hiyo maendeleo. Ni maendeleo, sikatai. Lakini kuna mlango ambao kadiri pesa ilivyoongezeka ndivyo ulivyozidi kuwa mwembamba.

Jambo hili halikuanzia kwenye raga. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali, michezo ikiwemo. Kabla ya sheria hiyo, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Ilikuwa kazi ya kujitolea au ya mshahara mdogo mno, na nani mwingine angeitaka? Sheria ikaleta bajeti, bajeti ikaleta mishahara, na mishahara ikaleta waombaji wapya. Katika miongo iliyofuata sehemu ya timu hizo zinazofundishwa na wanawake ilishuka hadi chini ya nusu. Wasichana wanaocheza waliongezeka mara nyingi. Wanawake wanaowafundisha, kwa uwiano, wakapungua. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Nadhani waliijua bajeti kabla haijapewa jina.

Sasa nitasema ya kwangu, maana hasira isiyo na chanzo ni kelele tu.

Nilikuwa na miaka 21 nilipoanza kuwafundisha wasichana raga katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji. Jioni ya kwanza walikuja 14, mpira ulikuwa mmoja, na uwanja tuligawana na vijana wa kandanda ambao hawakuona sababu ya kutugawia. Nilikuwa nacheza bado, winga, si mzuri sana lakini mwepesi. Niliomba klabu moja ituchukue chini ya jina lake, wakakubali mradi tusiwaombe kitu. Kwa misimu mitatu sikuwaomba kitu. Nauli ya wasichana kwenda mechi za mbali ilitoka kwenye mkopo wangu wa chuo na kwenye mitungi ya juisi tuliyouza. Kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza nilijilipia. Msimu wa tatu tulikuwa wasichana 31, na wawili wakaitwa kwenye kambi ya majaribio ya vijana.

Ndipo akaja mdhamini. Jezi, mipira kumi, nauli, na posho ya kila mwezi kwa kocha mkuu wa wasichana. Niliandika barua ya maombi kwa mkono, nikaipeleka mwenyewe. Kamati ilikaa Jumanne. Ijumaa tulijulishwa kwamba kazi imepewa kijana aliyechezea kikosi cha pili cha wanaume, ambaye hakuwahi kufundisha timu yoyote, ya wasichana wala ya wavulana. Kozi ya ngazi ya kwanza aliahidiwa kulipiwa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai.

"Dada," akasema, "kazi yako tunaitambua kabisa. Wewe ni mama wa hii timu."

Nilikuwa na miaka 24.

"Lakini sasa tunaingia hatua nyingine. Tunahitaji mtu mwenye uzoefu wa mashindano. Wewe utakuwa meneja."

Meneja maana yake ilikuwa kubeba maji, kutunza sanduku la huduma ya kwanza na kuwapigia wazazi simu. Meneja hakuwa na posho. Desemba, kwenye sherehe ya kufunga mwaka, waliniita mbele, watu wakapiga makofi, nikapewa cheti kwenye fremu. Kimeandikwa jina langu, na chini yake: Mwanzilishi.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa. Kumbe siku hizi mcheza kwao hupewa fremu.

Sijilinganishi na Kathy Flores. Yeye alikuwa bingwa wa dunia, mimi nilikuwa winga wa Jumamosi. Lakini nilipozisoma tanzia zake usiku mmoja maktabani, nikayafuata majina ya waliokuja baada yake mmoja baada ya mwingine, niliutambua mwendo huo, maana nilikuwa nimeuona kwenye uwanja wetu wa vumbi. Mwanamke huanzisha kitu pasipo na kitu, kitu kikawa kitu, halafu kikatafutiwa mwenyewe.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa. La kwanza: kocha bora ndiye apewe kazi, awe mwanaume au mwanamke. Wanapenda kumtaja Wayne Smith, aliyeichukua timu ya wanawake ya New Zealand ikiwa imevurugika na kuipa Kombe la Dunia la 2022. Ni mfano mzuri na sitaupinga. Wayne Smith ni kocha mkubwa. Lakini kanuni ya kocha bora ingekuwa inafanya kazi kweli, ingefanya kazi pande zote mbili. Nionyesheni timu ya taifa ya wanaume yenye jina kubwa katika raga ambayo kocha wake mkuu ni mwanamke. Wanaume wana ngazi mbili za kupanda, ya timu za wanaume na ya timu za wanawake. Wanawake wana moja, na hiyo moja wanapishana na wanaume. Halafu mnashangaa uzoefu umelundikana upande mmoja.

La pili: wanawake wenyewe hawaombi. Mimi niliomba. Barua yangu ipo kwenye faili la klabu, kama hawajaifungia maandazi. Na hata asiyeomba, muulizeni kwa nini. Amewaona waliomtangulia wakipewa vyeti. Mwenye kuona moshi hasubiri kuungua.

La tatu hutoka kwa watu wazuri, watu wanaonipenda: subiri, mambo yanabadilika. Deborah Griffin, mmoja wa wale wanne walioandaa kombe la 1991, mwaka 2025 alikuwa rais wa chama cha raga cha Uingereza, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Nilifurahi niliposoma. Kisha nikahesabu: miaka 34. Kama huo ndio mwendo wa haki, msichana niliyemfundisha kuangusha mtu bila kuumia shingo, aliye na miaka 16 leo, atasubiri hadi afike 50.

Na hapa kwetu? Lionesses wetu walicheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mara ya kwanza raga ya wachezaji saba kuingia kwenye michezo hiyo, na wakarudi tena Tokyo. Tuliwashangilia hadi sauti zikakauka. Mara zote mbili kocha mkuu alikuwa mwanaume. Wale waliocheza Rio sasa wako katika umri ambao Flores alikuwa akigeukia ukocha. Wapo waliokwisha kuanza, wanafundisha shuleni na mitaani, wengi wao kwa kujitolea. Siku pesa itakapofika huko walipo, nani atapigiwa simu?

Sitaki sherehe nyingine. Ninachodai ni kidogo na hakihitaji mkutano wa kimataifa. Timu ya wasichana ikipata mdhamini, aliyeijenga asailiwe kwanza, na akikosa kazi apewe sababu kwa maandishi, zenye sahihi ya mtu. Akihitaji kozi ya juu zaidi, pesa ile ile ambayo ingemsomesha kijana wa kikosi cha pili imsomeshe yeye. Na vilabu vyenye timu za wavulana viajiri wanawake huko pia, kwa mshahara, ili siku moja mtu akisema anatafuta uzoefu, aupate na kwetu.

Na kwa waandishi wenzangu wa tanzia na makala za sifa: mkimaliza kumwita mwanamke mwanzilishi, ongezeni sentensi moja. Semeni nani anakalia kiti chake leo, na analipwa kiasi gani. Sentensi hiyo peke yake itawafundisha wasomaji kuliko aya kumi za pongezi.

Flores alikaa kwenye benchi la ufundi miaka mingi. Kuna wanawake waliopita mikononi mwake ambao leo wana filimbi shingoni. Huo ndio mwanzo aliouanzisha, na ndio unaoweza kulipwa, kwa sababu wenyewe wako hai na wanaomba kazi.

Jumatatu iliyopita nilikitoa cheti changu ukutani. Nimesikia yule kijana ameacha, amepata klabu ya wanaume inayolipa zaidi. Nimekifunga kwenye gazeti pamoja na barua mpya ya maombi, nikampelekea mwenyekiti. Nimemwandikia kwamba cheti nakirudisha kwa heshima, wakitumie kwa mwingine. Mimi naomba ile kazi.